Hodi ya Ukutani

"Uzuri wa kizimba uulize unyayo."

Mliisikia methali hii jana, wageni wa posa walipokuwa wakiisifu nyumba yao ya vigae, na mama yenu mkubwa akaidondosha katikati ya maneno yao kama kokoto ndani ya uji. Ninyi mkatazamana na kucheka, na leo mmekuja kuniuliza: Bibi, kizimba na unyayo wapi na wapi?

Haya, sogeeni. Anayemenya ndizi aendelee kumenya, masikio hayahitaji mikono. Msemo huu una kwao, na kwao ni huku huku kwetu milimani Upare. Nami nauanza pale pale alipouanzia bibi yangu, kwenye ukungu.

Kijiji cha Mvureni kimekaa juu sana. Huko ukungu haushuki kutoka mbinguni, hupanda kutoka bondeni. Jua likianza kuegemea magharibi, utauona unakuja kwa miguu ya paka: unameza kwanza migomba ya chini, kisha mfereji, kisha ua, na mwisho unakuja kusimama mlangoni kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Hapo watu hufunga madirisha na kuongeza kuni.

Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja, Mama Nanziga, mpenda vitendawili. Ungemwomba chumvi, kwanza angekutegea. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Elihuruma, fundi seremala aliyefanya kazi Moshi mjini, na mke wa huyo Elihuruma, Nakijwa, ndiye aliyeishi na mama mkwe kule mlimani pamoja na mwanawe mchanga, Tumsifu.

Tena kulikuwa na sungura. Mmoja tu, mweupe kama pamba, macho mekundu kama makaa yanayokaribia kuzimika. Sungura hana sauti, mnajua, kwa hiyo Mama Nanziga alimwita Kimya. Alimfuga jikoni, kwenye pembe ya udongo ulioshindiliwa, juu ya majani makavu na kipande cha mkeka wa zamani. Hakumfuga wa kula. Jambo hilo liliwachekesha majirani.

"Mama Nanziga, unafuga kitoweo usichokila?"

"Na wewe mumeo humli, mbona unamfuga?"

Basi wakacheka, siku zikaenda.

Kisha miguu ya Mama Nanziga ikakataa kazi. Kwanza alitembelea fimbo, kisha akashika ukuta, kisha akalala moja kwa moja. Nakijwa alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Mtu akilala sana visigino huchubuka, na visigino vya mama mkwe vilichubuka. Nakijwa akawa kila asubuhi anavipaka mafuta, kisha anakunja kanga na kuiweka chini ya miguu ili visigino vining'inie visiguse kitu. Kazi hiyo haikuonwa na mtu. Elihuruma alituma salamu kwamba atakuja, kazi ikimalizika atakuja.

Jioni moja, wakati anapakwa mafuta, mgonjwa akafumbua macho.

"Kitendawili!"

"Tega, mama."

"Ndugu wawili wamenibeba maisha yangu yote, na hata siku moja sijawauliza kama wameumia."

Nakijwa akafikiri. "Macho?"

"Macho yabebe nini, we mtoto?"

"Mabega!"

"Mabega hayanibebi mimi, mimi ndiye ninayeyabebesha. Umeshindwa. Nipe mji."

Ndiyo sheria yetu, asiyejua jibu humpa mtegaji mji, naye akishaupokea husema jibu. Lakini Nakijwa alimpenda mkwewe na alipenda kushindana naye. Akacheka, akasema, "Sikupi mji wowote, mama. Nipe mpaka kesho, nitalijua."

Mgonjwa naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kimekonda kama yeye. "Kesho ni ya nani, Nakijwa? Haya. Usipolijua, nitakuja mwenyewe kuudai mji wangu. Nitapiga hodi."

Alfajiri alikuwa amekwisha kufa.

Elihuruma alifika mama yake amekwisha kuzikwa. Mnajua watu wa matangani: hawakumwambia neno, walitazama tu viatu vyake, vilivyong'aa. Aibu ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akawa anazunguka uani anatafuta kitu cha kumtendea mama yake, na kila kitu kilikuwa kimekwisha kutendwa na mkewe. Ndipo akaingia jikoni akamwona Kimya kwenye pembe yake.

"Mfugo wa mama yangu ulale jivuni kama kuku mgonjwa?" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Haiwezekani!"

Akapiga randa mbao, akapiga misumari, akapaka rangi ya kijani. Alipomaliza, waombolezaji walitoka kwenda kutazama. Kizimba kilikuwa na miguu mirefu minne, paa la bati jipya, mlango wa bawaba, na juu ya mlango nakshi ya maua. Alikipigilia kwenye ukuta wa mbao nyuma ya nyumba, sawasawa na chumba alichofia mama yake. Chini ya miguu alimwaga jivu jeupe kuzuia siafu. Na sakafu ya kizimba aliifanya ya wavu wa chuma, akaukaza ukakazika.

"Baba Tumsifu," Nakijwa aliuliza taratibu, "chini ni waya mtupu?"

"Ndio usafi wenyewe. Uchafu unadondoka, yeye anabaki juu. Hatakanyaga mavi yake tena huyu, anaishi kama mzungu."

Watu wakaguna kwa kusifu. Nakijwa alikuwa na neno jingine, lakini alilimeza. Huwezi kubishana na mfiwa mbele ya watu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pana fundo. Mvureni walikuwa na mwiko wao: mnyama aliyeachwa na marehemu haguswi kwa mkono mpaka matanga yaanuliwe. Atalishwa, atanyweshwa, lakini mkono wa mtu usimguse, kwa kuwa mkono wa mwisho juu yake ni wa marehemu, na ukiufuta kabla ya wakati umemfukuza mwenyewe nyumbani kwake. Hata Kimya alipohamishwa hakubebwa. Walimfunikia tenga, wakalisukuma taratibu juu ya ubao ulioegemezwa, mpaka akajiingiza mwenyewe katika nyumba yake ya kijani.

Siku chache za kwanza zilikuwa shwari. Kisha, alasiri moja, ukungu ulipofika mlangoni, Nakijwa akiwa ndani anamnyonyesha mtoto, ukuta wa chumba cha marehemu ulilia.

Du.

Alidhani ni tawi. Akasikiliza.

Du. Du.

Ilikuwa sauti nzito, fupi, kama kifundo cha mkono wa mtu anayejua kwamba wenyeji wamo. Nakijwa akatoka na mtoto mgongoni, akazunguka nyumba kwa kupapasa ukuta, maana ukungu ulikuwa umekula hata mkono wake mwenyewe. Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Kizimba kilisimama palepale, na ndani yake Kimya ametulia tuli, macho mekundu wazi, hatikisiki hata sikio. Akarudi ndani. Hajakaa, ukuta ukagongwa.

Alikumbuka: *Nitapiga hodi.*

Kuanzia hapo, kila ukungu ulipopanda, hodi ilipigwa. Waombolezaji waliolala msibani waliisikia wote. Kijana mmoja mwenye maringo alisema ni panya, akatoka na fimbo. Alirudi akasema hakuona kitu, na hakutoka tena.

Asubuhi moja Nakijwa akaenda kumwaga maji ya kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Akaona jivu chini ya kizimba lina madoa. Akainama. Yalikuwa matone ya damu, mengine yamekauka, mengine mabichi. Akainua macho kumtazama Kimya. Masikio mazima, pua nzima, manyoya meupe pee. Amekaa, anatafuna. Damu ile haikuwa na mwenyewe.

Akaanza kuifukia kwa mguu, na nyuma yake sauti ikasema:

"Unafukia nini, mwali?"

Alikuwa Shangazi Foibe, dada wa marehemu baba yake Elihuruma. Mwanamke mrefu, mcha Mungu, aliyeamini kwamba kila jambo lina mtu nyuma yake. Aliitazama damu, akatazama ukuta, akamtazama Nakijwa.

"Uji wa mwisho wa wifi yangu ulipikwa na nani?"

"Na mimi, shangazi."

"Mmh," alisema Shangazi Foibe. "Damu hii inalia." Mmh ile ilifika kila nyumba ya Mvureni kabla jua halijakausha umande.

Kuanzia hapo Nakijwa akaona mambo yanavyogeuka. Akiingia jikoni, mazungumzo yanakatika. Akipakua chakula, kuna anayesema ameshiba. Usiku wanawake wanamtaka Tumsifu wamlaze wao, "upumzike, mama," na anaona jinsi wanavyomchukua mtoto, haraka, kama anayetolewa motoni. Mumewe hakumshutumu. Lakini hakumtetea pia, alikaa tu penye kizimba anaongeza nakshi. Kila hodi ilipopigwa, aliongeza kitu: ukingo mwekundu, mapazia madogo ya kuzuia upepo. Alikuwa akimsemesha mama yake kwa nyundo: *Umeridhika sasa? Na sasa?*

Na ukuta ukijibu: du.

Jambo moja Nakijwa aliliona lakini hakulielewa. Kila alipopeleka maji, alimkuta Kimya amepanda juu ya bakuli lake la udongo, miguu yote minne imebanana kwenye ukingo, kama mtu aliyepanda kigoda kukimbia nyoka. Bakuli lilipinduka kila mara. Mwisho Elihuruma akaudhika, akaliondoa, akafunga kopo la bati kwenye ukuta wa kizimba, juu kidogo. "Sasa hatamwaga," alisema.

Alasiri hiyo hodi zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Watu walizima mazungumzo, wakaanza kuimba nyimbo za kanisani, na ukuta ukapiga kana kwamba unafuatisha.

Wazee wakakutana. Mzee Mrutu, mkubwa wa ukoo, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu, alimwita Nakijwa na mumewe.

"Mama Tumsifu," alisema, "mimi sijakuhukumu. Lakini nyumba inayogongwa ina deni la mtu. Siku ya kuanua matanga tutasikiliza. Kukiwa kimya, tumshukuru Mungu. Hodi ikipigwa, utarudi kwa baba yako kule tambarare."

"Na mwanangu?"

Mzee akakohoa. "Mtoto ni wa ukoo."

Nakijwa alimtazama mumewe. Elihuruma aliutazama mkono wake, uliokuwa na rangi ya kijani kwenye kucha.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Asubuhi watu walinyoa nywele, wakafagia ua, wakakunja mikeka ya msiba, wakala makande. Mali ndogo ndogo za marehemu zikagawanywa. Nakijwa hakugawiwa kitu. Alikaa karibu na mlango na mwanawe mapajani, na furushi lake la nguo limefungwa kando. Shangazi Foibe mwenyewe ndiye aliyelifunga, na kwa uadilifu alilifunga vizuri.

Jua likaegemea. Ukungu ukaanza kupanda. Ukameza migomba. Ukameza mfereji. Watu waliokaa uani wakaingia ndani mmoja mmoja, bila kuambiana. Ukungu ukaja ukasimama mlangoni.

Kimya. Hata Mzee Mrutu alizuia kikohozi chake.

Kimya.

Elihuruma alivuta pumzi, na kabla hajaitoa:

Du.

Mwanamke mmoja akapiga yowe. Shangazi Foibe akasimama, mikono kwa mtoto. "Mwenye kudai amekuja," alisema. "Nipe Tumsifu."

"Ngojeni!" Nakijwa alisema. "Ngojeni niwaambie. Ninajua anadai nini."

Nakijwa akawasimulia kile kitendawili, na jinsi alivyokataa kutoa mji kwa kicheko, na ahadi ya hodi. Alipomaliza, watu walitazamana. Walitarajia kusikia sumu, wamesikia kitendawili.

"Sasa wewe mwanamke," Shangazi Foibe alisema, "si umpe mji wake aende!"

"Mpe Same," mtu akasema kutoka nyuma.

"Same hakuna maji, ataikataa," alisema Mzee Mrutu.

Nakijwa akauelekea ukuta. "Mama, chukua Moshi."

Du.

"Chukua Tanga, na bahari yake."

Du. Du.

"Mpe Nairobi, ni kubwa!" Shangazi Foibe alinong'ona, amesahau kabisa kwamba alikuwa akichukua mtoto.

"Chukua Nairobi, mama!"

Du.

Kuna hofu ikizidi hugeuka hasira, na hasira hiyo ina nguvu za ajabu. Nakijwa alimweka mtoto mapajani mwa mumewe, si mwa shangazi, akafungua mlango, akatoka peke yake ndani ya ule weupe.

Alikwenda akipapasa ukuta. Baridi ilimuuma meno. Mbele yake hodi ikapigwa, sasa si ya ndani ya nyumba tena, ni hapa, karibu, juu kidogo ya kiuno chake. Akasimama. Akaona vitu viwili vyekundu vinaelea kwenye ukungu, havina kichwa wala mwili. Alitaka kukimbia. Badala yake akasema, "Mama, kama ni wewe, nishike tu. Nimechoka."

Akafungua mlango wa kizimba, akaingiza mkono.

Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile, mwiko ulikuwa umekwisha, lakini nani angekumbuka kumgusa sungura? Nakijwa akaweka kiganja chake chini, kwenye wavu, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akauegemea.

Akashtuka. Chuma kilikuwa na baridi ya ukungu na kilimwingia kiganjani kama meno. Alitaka kuutoa mkono, lakini kitu laini kikamgusa. Kimya alikuwa amesogea. Mguu mmoja, kisha wa pili, kisha yote minne, akaupanda mkono wa Nakijwa. Akakaa juu yake. Akatetemeka mwili mzima mara moja, kama mtoto aliyemaliza kulia, akatulia.

Nakijwa hakuutoa mkono. Waya ulimkata kiganja, na mgongo wa mkono aliuhisi unalowa, ulowevu wa uvuguvugu. Akangoja hodi. Haikupigwa. Akangoja tena. Ukungu ulipita polepole, na ukuta wa Mama Nanziga ulikuwa umenyamaza.

Ndipo kwa mkono wa pili akamnyanyua yule sungura kifuani, akampindua taratibu kama alivyokuwa akimpindua mgonjwa wake. Akaona. Manyoya ya chini ya miguu yalikuwa yamekwisha. Nyama ilikuwa wazi, nyekundu, imevimba, ina mistari ya waya. Nakijwa alikuwa ameyaona madonda kama yale asubuhi nyingi, kwenye visigino vya mtu.

Waliokuwa ndani walisikia sauti yake ikipasua ukungu:

"Nyayo! Mama, ni nyayo! Jibu lake ni nyayo!"

Aliingia ndani amemkumbatia Kimya, kanga yake imejaa damu, na watu wakarudi nyuma mpaka ukutani. Akamgeuza sungura miguu juu mbele ya taa.

"Hii ndiyo damu ya jivuni," alisema. "Na hodi ni hii. Mnyama hana mdomo wa kulia, anapiga mguu. Ukungu ukipanda chuma kinapata baridi, kidonda kinauma, anapiga. Hata lile bakuli, alikuwa analipanda apumzike. Tukamwondolea."

Elihuruma akainuka, uso umemwiva.

"Kile kizimba nimekipiga randa mara tatu. Hakuna kizimba kama kile mlima huu wote."

"Nenda ukaweke mkono, baba Tumsifu. Uuegemee."

Akaenda. Walimngoja. Alikawia mpaka Mzee Mrutu akamaliza kikohozi chake chote. Aliporudi, alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, bila kujificha. Kama alilia kwa ajili ya sungura au ya mama yake, hata yeye nadhani hakujua.

"Mimi nilisema damu inalia," Shangazi Foibe alisema, akirekebisha kilemba chake. "Sikusema uongo. Ilikuwa inalia." Kisha akaanza kulifungua lile furushi la nguo, fundo baada ya fundo.

Hapo ukaanza mjadala, maana Wapare hatuwezi kukaa na tatizo bila baraza. Sungura alalie nini? Kijana mmoja akataka ubao mtupu uliopigwa randa. Elihuruma akakataa, "Atateleza, na mkojo utasimama." Mwingine akasema pumba za randa. Shangazi Foibe akasema vumbi litamfanya apige chafya mpaka afe, tukose usingizi tena. Magunia? Nyuzi zitanasa kucha. Mwisho wakakubaliana: mbao zilizopangwa kwa karibu, zikiinama kidogo ili mkojo ushuke, juu yake majani makavu mengi ya kubadilishwa kila yakilowa, na wavu ubaki pembe moja tu, pale atakapochagua mwenyewe kwenda haja. Lakini majani peke yake huteleza.

"Panahitajika kitu cha kushikilia nyayo," Elihuruma alisema.

Mzee Mrutu aliinuka, akaenda kwenye rundo la mali ya marehemu, akatoa mkeka wa ukindu ambao Mama Nanziga aliulalia kitandani mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuuchukua. Akamkabidhi Nakijwa.

"Huu ulikuwa wako tangu asubuhi. Macho yetu yalikuwa juu, hatukuona chini." Kisha akabaki amesimama mbele yake, akamuuliza kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumuuliza tangu aolewe. "Na unyayo wako wewe, mwanangu? Unasemaje humu ndani?"

Nakijwa akaupokea mkeka. "Nyumba ni nzuri, baba. Nyumba haina kasoro. Lakini tangu msiba, kila ninapokanyaga humu nakanyaga waya."

Elihuruma alisikia. Hakurudi tena kuishi Moshi. Alihamishia karakana yake mlimani, na tangu hapo mkewe akiongea, aliacha randa akasikiliza.

Wakakata kipande cha ule mkeka, wakakitandika kizimbani. Nakijwa alimpaka Kimya mafuta nyayoni asubuhi na jioni, mpaka manyoya yakarudi. Siku moja msafiri alipita, akasimama kukistaajabia kizimba cha kijani, akapaza sauti, "Fundi! Kizimba kizuri hiki!" Elihuruma hakuinua hata kichwa. Akasema, "Uzuri wa kizimba uulize unyayo." Msafiri akaondoka na methali hiyo, akaigawa njia nzima, ndiyo ikatufikia sisi.

Limebaki jambo moja, na hili bibi yangu alikuwa akilisema kwa sauti ya chini.

Alasiri ya kwanza baada ya mkeka kutandikwa, ukungu ulipanda kama kawaida. Nakijwa alikwenda nyuma ya nyumba kumtazama mgonjwa wake. Kimya alikuwa amelala ubavu, miguu ameinyoosha, amefumba macho, usingizi mzito wa mtu aliyekosa usingizi siku nyingi. Nakijwa akasimama hapo, mkono wake juu ya paa la bati.

Na ukuta ukagongwa. Kutoka ndani. Mara moja tu, taratibu.

Sungura hakufumbua hata jicho.

Nakijwa hakukimbia. Aliweka kiganja chake, chenye alama za waya, juu ya mbao za ukuta. "Nimejibu, mama," alisema. "Mji sikupi. Ila karibu, ukanyage taratibu, ndani tumetandika."

Haukugongwa tena.

Basi wageni wa jana wakirudi na vigae vyao, msivitazame vigae. Muulizeni binti aliyetangulia kuolewa mle analala vipi na anakanyaga nini. Uzuri wa kizimba uulize unyayo.